TARAKILISHI NA DAWA YA USINGIZI: NANI ATAIANGALIA PUMZI YA MGONJWA?

Katika toleo hili nimeonelea niache kidogo mambo ya methali na mashairi, niandike juu ya jambo la hospitalini. Huenda mtu akauliza, "Kwani hili si la klabu ya sayansi?" Subirini. Mkisoma hadi mwisho mtaona kwamba Kiswahili kimo humu ndani, tena kimekaa mahali pa maisha na kifo.

Jambo lenyewe ni hili. Mgonjwa anapopimwa tumbo kwa kamera, mara nyingi hupewa dawa ya kumtuliza ili asisumbuke. Dawa hiyo husaidia sana, lakini ikizidi huzima pumzi. Kwa hivyo lazima awepo mtu wa kumwangalia mgonjwa kila dakika. Huko Marekani waliwahi kutengeneza tarakilishi ya kuifanya kazi hiyo, ikatumika, kisha ikaondolewa sokoni. Tuone ilifanyaje kazi, kwa nini ilikwisha, na sisi watu wa bara ya Mombasa tunajifunza nini.

KIPIMO CHENYEWE

Mitaani kwetu, tangu Likoni hadi Kisauni na kule Changamwe, watu hukiita kipimo hiki "kumeza mpira" au "kupigwa kamera ya tumbo". Madaktari hukiita endoskopi. Ni mpira mwembamba, unene wake kama kidole cha mwisho cha mkono, na urefu wake wapata mita moja. Nchani mwake mna taa na kamera ndogo. Daktari huupitisha mdomoni, ukashuka kwenye umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni, ukaingia tumboni, na ukafika mwanzo wa utumbo mdogo. Picha huonekana kwenye skrini kama ya televisheni. Daktari akiona mahali pana shaka, hupitisha kijikoleo ndani ya mpira ule ule, akakata kipande kidogo sana cha kupeleka maabara. Kwa kawaida kazi yote huchukua dakika 5 hadi 15.

Historia yake inachekesha. Mwaka 1868, daktari Mjerumani aitwaye Adolf Kussmaul wa Freiburg alitaka kuchungulia tumbo la mtu aliye hai. Alitumia bomba la chuma lililonyooka. Sasa ni nani angeweza kulimeza? Alimtafuta mtu wa mazingaombwe ambaye kazi yake ilikuwa kumeza mapanga mbele ya watazamaji! Mpira wenye kupindika, uliotengenezwa kwa nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, ulikuja mwaka 1957. Mvumbuzi wake alikuwa Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Kabla ya kumpima mgonjwa yeyote, aliumeza yeye mwenyewe kwanza.

Kipimo hiki kina faida gani? Kwanza, huonyesha vidonda vya tumbo. Watu wengi hufikiri vidonda huletwa na pilipili, ndimu au mawazo. Ukweli ni kwamba vidonda vingi huletwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, na vingine huletwa na dawa za maumivu ambazo watu hununua dukani na kumeza ovyo. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua jambo la bakteria huyo. Pili, kipimo huonyesha mahali damu inapotoka, mtu akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami. Tatu, huonyesha saratani ya umio. Ugonjwa huu ni miongoni mwa saratani zinazoua Wakenya wengi. Katika hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet, madaktari wameandika habari za wagonjwa ambao hata miaka 30 hawajatimiza.

Tatizo ni kwamba watu wanakiogopa kipimo chenyewe. Mtu anakwama chakula kooni, leo ugali, kesho wali, keshokutwa hata uji, naye anasema, "Aa, mimi simezi mpira, nitanyongwa!" Anaendelea kunywa dawa za kupoza tumbo mpaka anapokwenda hospitali ugonjwa umeshaenea. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Dawa ya kutuliza ni muhimu kwa sababu hii: inaondoa woga unaowafanya watu wachelewe.

NGAZI NNE ZA USINGIZI

Si kila mgonjwa anayepimwa hulazwa usingizi. Wengine hupuliziwa kooni dawa ya ganzi tu, wakapimwa wakiwa macho, wakaenda zao nyumbani. Wengine hudungwa sindano ya kutuliza mshipani. Tukiifananisha na ngazi, ina vidato vinne. Kidato cha kwanza, mgonjwa ametulia lakini yu macho. Cha pili, anasinzia, ila ukimwita au ukimgusa hujibu. Cha tatu, amelala sana, hajibu mpaka afinywe, na pengine pumzi yake yahitaji msaada. Cha nne ni nusukaputi yenyewe, ile ya kupasuliwa, ambapo hata ukimkata hana habari.

Kwa kipimo cha kamera, kidato cha pili chatosha kwa wagonjwa wengi. Taabu ni kwamba baina ya kidato cha pili na cha tatu hapana ukuta. Dozi ile ile inayomsinzisha bwana mmoja yaweza kumlaza kabisa mzee mwingine. Mtu akilala sana, misuli ya koo hulegea, ulimi hurudi nyuma ukaziba njia ya hewa. Mtu huyo hapigi kelele wala hafurukuti, ananyamaza tu. Mtu asiyejua atadhani amestarehe, kumbe hapumui!

Dawa zinazotumika ni za aina kadhaa. Midazolamu ni moja. Zipo pia dawa za maumivu za jamii ya afyuni kama pethidini na fentanili. Hizi zina dawa za kuzitangua: mgonjwa akizidiwa, daktari humdunga dawa ya kupinga, akaamka. Dawa nyingine ni propofoli. Hii ni nyeupe pepepe kama maziwa, kwa sababu imechanganywa na mafuta ya soya. Iligunduliwa miaka ya 1970 na John Glen, daktari wa mifugo wa Uskoti aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya ICI, na ikaanza kuuzwa Uingereza mwaka 1986. Uzuri wake ni wepesi. Haichukui hata dakika moja kumlaza mtu, na ikikatizwa huamka baada ya dakika chache akiwa na akili timamu. Ubaya wake ni kwamba haina dawa ya kuitangua. Mgonjwa akizidiwa, msaada ni mmoja tu: mtu amfungulie njia ya hewa na ampumulie mpaka dawa ipungue mwilini. Mwimbaji Michael Jackson alikufa mwaka 2009 kwa dawa hiyo hiyo, alipopewa nyumbani kwake bila vifaa vya kutosha vya kumwangalia. Kwa hivyo kosa halikuwa la dawa peke yake. Kosa kubwa lilikuwa la uangalizi.

MTAMBO WA SEDASYS

Hapa ndipo tarakilishi inapoingia. Kampuni ya Johnson & Johnson ilitengeneza mtambo uitwao SEDASYS wa kutoa propofoli kwa watu wazima wenye afya nzuri kiasi, wanaopimwa tumbo au utumbo mpana kwa kamera. Nia ilikuwa kupunguza gharama, maana kule Marekani kumlipa daktari wa usingizi asimame kwenye kipimo kifupi kama hiki huongeza mamia ya dola.

Ilifanyaje kazi? Hebu fikirieni tangi la maji, lile la plastiki jeusi tunaloweka juu ya nyumba. Ndani yake mna boya. Maji yakipanda, boya hupanda, likafunga bomba. Yakishuka, boya hushuka, bomba likafunguka. Boya halina akili, lakini linapima jambo moja na kurekebisha bomba kulingana na kipimo hicho. SEDASYS ilikuwa ni boya la namna hiyo, ila ilipima mambo mengi kwa wakati mmoja.

Kwanza, ilipima oksijeni ya damu kwa kile kibanio cha kidole. Kibanio hupitisha mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi kwenye kidole. Damu yenye oksijeni nyingi na damu yenye oksijeni kidogo hunyonya mianga hiyo kwa viwango tofauti, na mtambo hupiga hesabu ukatoa asilimia. Wazo hilo ni la Takuo Aoyagi, mhandisi Mjapani wa miaka ya 1970. Mtu mzima wa kawaida huwa na asilimia 95 au zaidi.

Pili, ilipima hewa ya kaboni anayoitoa mgonjwa puani. Kipimo hiki ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mtu akiacha kupumua, oksijeni ya damuni haishuki papo hapo, maana mwili una akiba kidogo, hasa kama alikuwa akipewa oksijeni ya ziada. Kibanio cha kidole huweza kuendelea kusema "mambo shwari" ilhali pumzi imeshasimama. Kipimo cha hewa itokayo hugundua mapema zaidi. Tatu, ulipima mapigo ya moyo na shinikizo la damu.

Nne, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, mtambo huo ulizungumza na mgonjwa. Mgonjwa alivishwa kidude sikioni na akashikishwa kingine mkononi. Kila baada ya muda, sauti ilimwambia sikioni aminye mkono, na kile cha mkononi kikatetemeka. Akiminya, mtambo ulijua yu kwenye kidato cha pili. Asipominya, ulijua ameanza kuzama, na hapo haukukubali dozi iongezwe. Pumzi ikilegea au oksijeni ikishuka, ulipunguza dawa au ukaikata kabisa, ukaongeza oksijeni, na ukapiga kengele.

Tufanye hesabu kidogo tuone kazi hii ilivyo ndogo kwa ukubwa lakini nzito kwa uangalifu. Tuchukue mama mmoja wa Mtongwe mwenye uzani wa kilo 60, na tuseme amepangiwa mikrogramu 50 za propofoli kwa kila kilo kwa kila dakika. Mara 60, tunapata mikrogramu 3,000, yaani miligramu 3 kwa dakika. Propofoli ya kawaida ina miligramu 10 katika kila mililita. Kwa hivyo anapata mililita 0.3 kwa dakika, na kwa dakika kumi ni mililita 3 tu, wala haijazi kijiko cha chai! Ukikosea nukta ya desimali hapo, umempa mara kumi. Sasa mnaelewa kwa nini tarakilishi ni msaada mkubwa: haichoki, haisahau, wala haiandiki nukta mahali pasipo.

KWA NINI ULIONDOLEWA?

Safari ya mtambo huo haikuwa rahisi. Uchunguzi mkubwa ulifanywa kwa wagonjwa 1,000, na waliotulizwa kwa mtambo walipungukiwa na oksijeni kwa kiasi kidogo kuliko waliotulizwa kwa njia ya kawaida, tena wakaamka haraka zaidi. Mwaka 2009 jopo la washauri liliunga mkono, lakini mwaka 2010 shirika la FDA, linalokagua dawa na vifaa vya matibabu Marekani, likakataa. Baada ya rufaa na masharti zaidi, FDA ilikubali mwezi wa Mei mwaka 2013. Sharti moja kubwa lilikuwa kwamba mtaalamu wa usingizi awe karibu, tayari kuitwa wakati wowote. Hospitali chache, kama Virginia Mason ya mji wa Seattle, zikaanza kuutumia mwaka 2014.

Mwaka 2016 kampuni ikatangaza kuacha kuuza. Sababu haikuwa kwamba mtambo uliua watu. Ulikuwa haununuliwi vya kutosha. Madaktari wengi wa usingizi waliupinga tangu mwanzo, wengine kwa kujali usalama, na bila shaka wengine kwa kulinda mkate wao. Hata madaktari wa kamera waliona unawafunga mikono. Uliwekewa mipaka ili mgonjwa asivuke kidato cha pili, lakini wagonjwa wengi wa kule walikwisha kuzoea kulala fofofo. Mgonjwa akianza kuhangaika, mtambo haukuweza kumwongezea dawa kwa haraka kama afanyavyo binadamu. Na kama sharti ni mtaalamu wa usingizi awe karibu vilevile, basi nafuu ya gharama iko wapi?

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo kiini cha makala haya. Boya la tangi linaweza kufunga bomba, lakini haliwezi kuziba tangi lililopasuka. SEDASYS iliweza kukata dawa, lakini haikuwa na mikono. Haikuweza kuinua kidevu cha mgonjwa ili ulimi utoke kooni. Haikuweza kumfunika barakoa na kumpumulia. Kengele ikilia, lazima awepo binadamu mwenye ujuzi wa kuitikia. Kengele inayolia chumba kisicho na mtu ni kelele tu.

NA HUKU KWETU JE?

Marekani walitaka tarakilishi kwa sababu wataalamu wao ni ghali. Sisi twaweza kuitaka kwa sababu wataalamu wetu ni wachache. Chama cha dunia cha madaktari wa usingizi kinapendekeza angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000. Katika hesabu iliyochapishwa mwaka 2017, Kenya haikufika hata 1. Ndiyo maana kazi kubwa ya usingizi nchini hufanywa na maafisa wa kliniki waliosomea fani hiyo, na siku hizi pia wauguzi, kama wale wanaofunzwa katika hospitali ya Kijabe. Mtu aweza kusema, "Basi tuletewe mitambo, mambo yaishe." Lakini tumeshaona kwamba mtambo unahitaji mtu wa kuitika. Pale palipo na uhaba wa watu, mtambo hauwezi kuwa mbadala. Waweza kuwa msaidizi tu.

Isitoshe, vipimo vyenyewe vina kasoro zinazotugusa sisi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo yaliyoshtua wengi. Kibanio cha kidole kilionyesha oksijeni ni nzuri, ilhali damu ilipopimwa maabara ilikuwa imepungua. Kosa hilo liliwapata wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko weupe. Sababu ni kwamba rangi ya ngozi nayo hunyonya mwanga. Sasa fikirieni boya lililotengenezwa kwa tangi la mtu mwingine! Tarakilishi inayotegemea kibanio hicho itatuamini tu salama hali hatuko salama. Mwuguzi anayetazama kifua kikipanda na kushuka hana shida ya rangi ya ngozi.

Na dada zetu sikilizeni. Piko nyeusi kwenye ncha za vidole na rangi ya kucha iliyokolea huweza kuzuia ule mwanga, kibanio kisisome sawasawa. Siku mbili tatu baada ya harusi mtu anakwenda hospitali vidole vyote vimepakwa! Ukijua una kipimo, acha angalau vidole viwili bila rangi, ama mwambie mwuguzi atafute mahali pengine pa kubana, kama sikioni.

Kuna pia jambo la lugha. Mtambo wa SEDASYS ulipima usingizi kwa maneno. Uliamini kwamba asiyeitika hajisikii. Sasa mchukue yule mama wa Mtongwe tuliyempigia hesabu. Ikiwa sauti ya sikioni itamwamrisha kwa Kiingereza cha puani, naye hajui Kiingereza, atanyamaza. Mtambo utaandika kwamba amezama, kumbe yu macho, amekunja uso, anajiuliza, "Huyu anasema nini?" Kinyume chake, mwuguzi atainama karibu naye, amwambie, "Mama, nifinye mkono. Mama, vuta pumzi. Haya, vuta tena." Mama ataminya mkono na atavuta pumzi. Hapo lugha imekuwa kipimo sawa na kile kibanio cha kidole. Lugha isiyoeleweka ni kipimo kibovu.

MAMBO YA KUFANYA UKIPELEKA MGONJWA

Mara nyingi sisi wanafunzi ndio hutumwa kuwasindikiza wazee hospitalini, kwa sababu tunajua kusoma makaratasi. Yafuatayo yafaa kuwekwa akilini.

Kwanza ni kufunga. Kwa kawaida mgonjwa haruhusiwi chakula kwa saa 6 kabla ya kutulizwa, na maji matupu huachwa saa 2 kabla, isipokuwa daktari aseme vingine. Chai ya maziwa huhesabiwa kama chakula. Mahamri na mbaazi za alfajiri ni chakula! Sababu si kumtesa mtu. Aliyelegea koo akitapika, matapishi huingia mapafuni, na hiyo ni hatari kubwa. Wenye kisukari wamwulize daktari mapema jinsi ya kufanya na dawa zao.

Pili ni kusema ukweli. Mgonjwa amweleze daktari kama ana pumu, kama hukoroma sana na kushtuka usiku, kama ana ugonjwa wa moyo, na kama dawa fulani ilimdhuru zamani. Aseme pia kama anatafuna miraa au muguka, kama anakunywa pombe, au kama anatumia methadoni ya kliniki. Huenda akaona haya mbele ya mtoto wake. Wewe mwanafunzi toka nje kidogo, umwache aseme. Dawa hizo zikikutana na dawa ya kutuliza zaweza kuzidisha usingizi au kuupinga, na daktari asiyeambiwa hawezi kupanga dozi.

Tatu ni kuuliza. Si utovu wa adabu kumwuliza daktari au mwuguzi, "Samahani, nani atakuwa akiangalia pumzi yake wakati daktari anaangalia kamera?" Swali hilo ni zuri kuliko kuuliza kama mashine ni mpya. Anayeshika mpira macho yake yako kwenye skrini. Lazima awepo mwingine ambaye kazi yake ni mgonjwa tu, na pawepo oksijeni na barakoa ya kumpumulia.

Nne ni safari ya kurudi. Hapa watu wa bara tuna shida yetu ambayo vitabu vya wazungu havikuiandika. Hospitali kubwa nyingi ziko kisiwani. Mtu wa Likoni atarudi kwa feri, wa Kisauni atapita daraja la Nyali, na wa Changamwe atapita Makupa. Aliyetulizwa huamka akasema, "Mimi mzima, niacheni niende." Msimwamini! Anatembea na kuongea, lakini fikira na miguu bado ni mizito. Pale kwenye feri watu wanasukumana, magari yanateremka, na ukingo wa maji uko hapo hapo. Mtu kama huyo asiachwe avuke peke yake. Kwa saa 24 asiendeshe gari, pikipiki wala tuktuk, asipike kwenye jiko la mkaa akiwa peke yake, na asitie sahihi karatasi za shamba wala za mkopo.

Tano ni kurudi hospitali mara moja akiona dalili mbaya: maumivu makali ya kifua au tumbo, kutapika damu, choo cheusi, homa, au kupumua kwa shida.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Utafiti haukusimama mwaka 2016. Mwaka 2020 Marekani ilikubali dawa mpya ya kutuliza iitwayo remimazolamu, ambayo huisha haraka na ina dawa ya kuitangua. Tarakilishi za kusoma pumzi na mawimbi ya ubongo zinaendelea kutengenezwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na pengine siku moja mtambo wa namna hii utafika hapa Mombasa, hata pengine hospitali za bara. Sisi tulio darasani leo ndio tutakaokuwa wauguzi, mafundi na madaktari wa siku hiyo.

Utakapofika, wahandisi wetu waulize kama vibanio vyake vimejaribiwa kwenye ngozi kama zetu. Wauguzi wetu waulize ni nani ataitikia kengele. Na sisi wa Chama cha Kiswahili tuulize utamwambia nini mgonjwa sikioni, na kwa lugha gani. Hatuna haja ya kungoja mtambo ili tuanze. Fomu za idhini, maagizo ya kufunga, na maonyo ya kurudi nyumbani yaandikwe kwa Kiswahili ambacho bibi wa Mtongwe ataelewa bila kufasiriwa. Napendekeza chama chetu kiandae karatasi moja tu ya maagizo hayo, tuipeleke kwa wakuu wa zahanati zilizo karibu na shule waikague, na wakikubali ibandikwe ukutani.

Tarakilishi yaweza kupima dawa kwa nukta ya desimali bila kukosea, na tuishukuru kwa hilo. Lakini mgonjwa akinyamaza ghafla, anayehitajika ni mtu wa kuinua kidevu chake na kumwambia kwa lugha anayoisikia, "Mama, vuta pumzi."